Nira ya Tingatinga

Gari la matangazo lilipita Alhamisi saa nne asubuhi, likatuachia vumbi na ugomvi.

"Wananchi wa Bariadi! Jumamosi hii, uwanja wa gulio, chanjo ya kichaa cha mbwa! Kila mbwa aje amefungwa kamba, amefungwa mdomo, na ameshikwa na mwenye mbwa, mtu mzima mwenye akili timamu! Mbwa atakayekutwa anazurura kuanzia Jumatatu atahesabiwa hana mwenyewe!"

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, barabara ya kwenda Somanda. Tunaliita Breki, kwa sababu hakuna anayepita pale bila kupunguza mwendo asikie anasemwa nani. Asubuhi hiyo tulikuwa watano. Januarius, fundi mwenyewe, tunamwita Injinia, maana hajawahi kukubali kwamba kuna kitu duniani kisichoweza kutengenezwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Monika muuza chai ni Refa. Akitaka kumtoa mtu uwanjani, hamwongezei chai. Mzee Luhaga aliyehamia kutoka Zagayu ni Plau. Amelima kwa ng'ombe miaka arobaini na hana mfano mwingine wa kuelezea jambo lolote, hata ndoa. Nyanda tunamwita Wakili, na sababu utaiona sasa hivi. Mimi ni Vina, mtunzi wa mashairi ambayo hawa wote wanayajua kwa kichwa na hakuna hata mmoja anayekiri.

"Amefungwa mdomo?" Plau akacheka mpaka kofia ikamshuka. "Sasa mbwa aliyefungwa mdomo atabweka kwa kutumia nini?"

"Hawajasema aje abweke, mzee wangu," Refa akamjibu. "Wamesema aje achanjwe. Mimi kinachonitisha ni hapo pa mtu mzima mwenye akili timamu. Mbwa tunao. Watu wa sifa hiyo tutawatoa wapi?"

"Refa, usituangalie wote kwa pamoja," Injinia akasema. "Mwangalie Wakili. Hili tangazo ni lake."

Tukageuka. Wakili alikuwa ameinamia kikombe chake kama anasoma maandishi chini ya chai.

"Wakili, umesikia?"

"Nimesikia."

"Enhe?"

"Mimi sina mbwa."

Benchi likalipuka. Plau akapiga paja. Injinia akaangusha spana.

"Huna mbwa!" Refa akainama, akachungulia chini ya benchi. "Na huyu aliyelalia viatu vyako ni mbuzi?"

Huyo alikuwa Tingatinga. Mbwa mkubwa, rangi ya vumbi la kiangazi, sikio moja limechanika, amelala kama ana hatimiliki ya benchi.

"Huyo ni mbwa wa marehemu baba yangu," Wakili akasema. "Mimi namwona tu."

"Unamwona tu! Mwizi alipoingia zizini kwenu akaacha suruali, ulisema mbwa wa nani?"

"Ile ilikuwa lugha tu."

"Lugha! Ulizunguka mtaa mzima na ile suruali juu ya fimbo. 'Mbwa wangu, mbwa wangu.' Wiki mbili hatukulala!"

"Lakini alipomkimbiza katekista Josia mpaka akaingia kwenye shamba la pamba na baiskeli yake," nikadakia, "akatokea upande wa pili na kiatu kimoja, mbwa akawa wa marehemu."

"Akikamata mwizi ni wako, akikamata katekista ni wa marehemu," Injinia akasema. "Kweli wewe ni Wakili."

Na asijifanye mtu kwamba ni Nyanda peke yake. Mjini kwetu hapa, mbwa akikaa kimya ni wa mtaa, akifukuza fisi ni wa kila mtu, akichana suruali ya mtu mwenye cheo ghafla amezaliwa porini na hana ndugu. Nilitaka kuliweka jambo hilo katika beti nne, nikafungua kinywa.

"Vina, usianze," Refa akaniwahi. "Chai yako bado nusu."

Nikafunga kinywa.

"Mimi nina kesi kubwa kuliko ya katekista," Injinia akaendelea. "Huyu mbwa ameniua. Mwaka mzima sasa! Bodaboda zinapita, hata mkia hatikisi. Lori la pamba linapita, amelala. Ije baiskeli moja tu, baiskeli ya mteja wangu, huyoo! Ana chuki na watu wasiotumia mafuta!"

"Anakimbiza tu. Hajawahi kung'ata."

"Mteja atajuaje? Aandikiwe barua?"

Tulicheka. Wakili hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Mtendaji aliniita jana," akasema. "Amesema Jumamosi huyu aje kama wenzake. Amefungwa kamba, ameshikwa, akae kwenye foleni ile ile atakayosimama katekista. Akileta fujo, au asipokuja, Jumatatu wanammaliza."

"Wanammaliza kweli?" Plau akauliza.

"Kweli. Na mama, mayu wangu, amesema, Tingatinga akifa nisikanyage mlango wake. Mnajua tangu baba afariki mama yangu anazungumza na wawili tu, Mungu na huyu mbwa. Mimi ni wa tatu, na zamu yangu haijafika."

Chini ya benchi Tingatinga akakoroma.

"Basi mfunge kamba," Refa akasema kwa sauti ya chini.

"Nimemfunga tangu jana. Kamba tatu amekata. Ya nne alikaa chini, akaniangalia usoni, akaikata pole pole ili nione vizuri."

Hapo Plau akasimama. Plau akisimama, ujue ng'ombe wanakuja.

"Ng'wanawane," akamwambia, "mwanangu, kosa lako ni kumfunga peke yake. Dume changa lisilojua plau unalifundishaje? Unalifunga nira na maksai mzee anayejua njia. Mzee anakwenda, kijana anafuata. Siku ya tatu dume linalima lenyewe na wewe unapiga mluzi."

"Mzee, huyu ni mbwa."

"Mbwa ni ng'ombe aliyekosa pembe."

"Na maziwa," Refa akasema.

"Nina Mstaafu nyumbani. Huyo hajakimbia tangu azaliwe. Atamfundisha!"

Hakungoja jibu. Anakaa nyumba ya tatu kutoka pale, na baada ya muda mfupi akarudi akiongozana na Mstaafu, mbwa mnene mwenye macho ya mtu anayesubiri mafao. Begani kwa mzee palikuwa na kamba ya katani na kifunga mdomo, kile kikapu cha kamba wanachowavalisha maksai wakati wa palizi wasile mahindi.

"Mdomo kwanza!" akatangaza, akamvisha Tingatinga.

Kichwa chote kikapotea ndani. Masikio, macho, kila kitu. Mbwa akasimama katikati ya Breki kama mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye ndoo akitafuta sarafu.

"Amependeza," Plau akasema.

"Amependeza nini! Mvue!" Refa akaruka kutoka kwenye jiko lake. "Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama wewe. Anapoa kwa kuhema. Lazima mdomo upate nafasi ya kufunguka, ulimi utoke, aweze hata kunywa maji. Ukimbana namna hiyo juani unamchemsha!"

"Wewe hayo umeyajulia wapi?"

"Nimeuliza. Daktari wa mifugo, Eufrasia, si anakunywa chai hapa? Ninyi akija mnamkodolea macho. Mimi namuuliza maswali."

Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Plau akavua kikapu, akashika kamba. "Haya. Ng'ombe tunamfunga pembe. Huyu pembe hana. Basi shingo." Akapiga kitanzi chake cha miaka arobaini.

"Hicho kitanzi kinabana akivuta," Injinia akasema.

"Ndiyo ajifunze."

"Akibanwa atavuta zaidi. Akivuta zaidi kitabana zaidi. Atakuwa amejifunza, lakini maiti."

"Na Jumatatu tutakuwa tumewapunguzia kazi," Refa akaongeza.

Injinia akachukua kipande cha mpira wa ndani, ule mpana wa baiskeli za mizigo, akapiga magoti vumbini mbele ya adui yake wa mwaka mzima. Akaupitisha kifuani, akauzungusha nyuma ya miguu ya mbele, akaukutanisha mgongoni kwa pete ya chuma.

"Mkanda wa kifuani," akasema. "Avute anavyotaka, anavuta kwa kifua. Koo linabaki lake."

"Vidole viwili vipite katikati," Refa akaagiza. "Visipopita umembana. Ukipita mkono mzima, atachomoka."

Wakili akaingiza vidole viwili. Vikapita. Tingatinga akamlamba kidole cha tatu.

"Sasa na Mstaafu," Plau akasema. "Nira inataka wawili!"

"Mpira umeisha. Ngoja nitafute ndani." Injinia akaingia kwenye kibanda, tukasikia anavuta magunia na mabati na lawama.

Plau hajawahi kungoja kitu isipokuwa mvua. Akachukua mpini wa jembe, akaulaza juu ya migongo ya mbwa wawili, akaufunga kwa katani huku na huku. Tingatinga kulia, Mstaafu kushoto. Kisha akashika ncha ya kamba na kuizungusha kwenye kiganja, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Mzee, usizungushe mkononi," Wakili akamwambia.

"Nimeshika jozi za maksai kabla baba yako hajaoa. Haya! Twende!"

Mstaafu akakaa chini.

"Simama, wewe! Unaniaibisha!"

Ndipo Injinia akatoka kibandani kinyumenyume, akivuta kitu kilichomzibia njia. Ilikuwa baiskeli. Kuukuu, nyeusi, kiti kimefungwa gunia, tairi ya nyuma imelala. Akaiegemeza ukutani juani ili aendelee kutafuta mpira wake.

Tingatinga akainua kichwa.

Niliyoyaona baada ya hapo ningeweza kuyaandika kwa beti kumi na mbili, lakini yalichukua muda wa kupiga chafya. Mbwa akaondoka. Mpini ukaondoka naye. Mstaafu akaondoka ubavu ubavu, miguu hewani, bila kubadilisha sura. Mzee Luhaga, ambaye mkono wake ulikuwa umezungushwa mara tatu, akaondoka wa mwisho, akapita meza ya chai kwa kifua. Vikombe vikapaa. Mandazi yakatawanyika kama vifaranga.

"Maksai zangu!" akapiga kelele akiwa chini.

"Mandazi yangu!" Refa naye.

Halafu msafara ukasimama, mpini ukamchomoka Tingatinga. Tulidhani Tingatinga ataichana ile baiskeli. Hakuichana. Alinusa pedali. Akanusa mshikio wa kushoto, akainua miguu ya mbele kuufikia, akaunusa tena kwa muda mrefu. Kisha akazunguka upande wa kushoto wa gurudumu la mbele, akalala.

Wakili alikuwa amesimama. Ucheshi ulikuwa umemtoka usoni.

"Injinia," akasema. "Hiyo baiskeli ya nani?"

Injinia akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwapo. "Ya baba yako. Mzee Masunga. Aliileta niizibe tairi, akasema anakwenda hospitali mara moja, jioni ataipitia."

"Hakuipitia."

"Hakuipitia. Nikaifunika magunia. Nikawa nakungoja uje wewe. Ukija unakaa hapo, unacheka, nasema kesho. Nitakuambiaje mtu anayecheka?"

Wakili akashika mshikio pale mbwa aliponusa.

"Kila Jumamosi alikuwa anakwenda nayo Zagayu kwa shangazi," akasema. "Na huyu pembeni, mwendo wote. Hana kamba."

"Mwaka mzima," Refa akasema taratibu, ameshika birika tupu, "tunasema anafukuza baiskeli. Kumbe hafukuzi. Anakagua nani amepanda."

Tukamwangalia mbwa. Nikakumbuka siku aliyonikimbiza mimi, nikamtungia utenzi wa matusi. Nilimfutia moyoni mistari yote, isipokuwa miwili iliyokuwa mizuri.

"Basi katekista alikaguliwa tu," Injinia akasema, akijaribu kuturudisha duniani. "Angesimama angepewa cheti."

Kutoka chini, kati ya vigae vya vikombe, sauti ikapanda. "Upande gani?"

"Nini, mzee?"

"Alikuwa anakimbia upande gani wa baiskeli?"

"Kushoto," Wakili akasema. "Siku zote kushoto."

Plau akainuka, majani ya chai mashavuni, macho yanawaka. "Nilisema mimi! Nilisema! Ng'ombe wa kushoto ukimfunga kulia halimi, hata umchape mpaka kesho! Huyu tayari ana nira yake! Mwenzake ni hiyo baiskeli! Tumemfunga na Mstaafu bure!"

Inaniuma kukiri, lakini mzee alikuwa amesema kweli.

Injinia akaziba tairi bila kuulizwa. Wakili akashika baiskeli kwa mkono wa kulia, kamba kwa wa kushoto.

"Usiifunge kamba kwenye baiskeli," Refa akamwonya. "Akishtuka atakuangushia chuma, na yeye pia kitamwangukia. Ishike. Na usiizungushe mkononi, mfano unao hapo unajipangusa majani."

Wakasogea. Mtu, baiskeli, mbwa. Wakaenda mpaka bomba la maji, wakarudi. Kamba ilining'inia katikati yao, haina kazi.

Jumamosi uwanja wa gulio ulijaa mbwa wasiowahi kuwa na adabu siku moja na watu wa namna hiyo hiyo. Nilimwona mbwa amefungwa kanga, mwingine mkanda wa suruali, na mwenye mbwa ameshika suruali kwa mkono uliobaki. Wakili alikuja na baiskeli. Mdomoni Tingatinga alivaa kikapu alichosuka Injinia kwa spoki zilizovikwa mpira, kipana, ulimi unaning'inia ndani kwa raha zake.

Mbele yake kwenye foleni alisimama katekista Josia na mbwa wake mdogo. Na baiskeli yake.

"Mwangaluka, Nyanda," katekista akasema, macho kwenye kile kikapu cha spoki.

"Mwangaluka, katekista. Shikamoo."

Tingatinga akasimama. Akaiangalia baiskeli ya katekista. Kamba ikakaza. Mtendaji akaacha kuandika. Kiatu kimoja cha katekista kikaanza kutafuta njia ya pamba. Wakili hakuvuta wala hakupiga kelele; alisogeza baiskeli ya baba yake hatua moja tu, magurudumu yakalia kidogo. Mbwa akageuza sikio lile lililochanika. Akarudi kushoto kwake, akakaa.

Daktari Eufrasia akachoma sindano, akachukua kadi. "Mwenye mbwa?"

Breki nzima tukanyoosha shingo. Wakili akamwekea mbwa mkono kichwani.

"Andika Nyanda Masunga."

"Wako au wa marehemu?" Refa akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wangu."

"Hata akikamata katekista?"

"Hata akikukamata wewe na birika lako. Andika, daktari, kabla sijaghairi."

Watu wakacheka, mtendaji akaendelea kuandika. Nyuma yetu kukasikika pumzi nzito. Alikuwa Plau, jasho linamtiririka, amembeba Mstaafu mabegani kama ndama aliyezaliwa malishoni. Tangu Alhamisi, yule mbwa alikataa kutembea hatua moja peke yake. Alikaa chini akingoja apewe mwenzake wa nira.

"Mzee," Eufrasia akamuuliza, "na huyu mwenyewe ni nani?"

Plau akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Mimi namshikia tu, daktari. Huyu mbwa ni wa jirani..."

Mstaafu akamlamba sikio, taratibu, mpaka ndani.

"Daktari, mwandike Mstaafu," Refa akasema. "Kwenye mali yake weka mzee mmoja."

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tena kwenye Breki, na vikombe vya plastiki, kwa usalama. Wakili akaja na baiskeli, mbwa kushoto.

"Mayu amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema baiskeli haina kengele. Ya baba ilikuwa na kengele."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Kamwambia nani?" Refa akauliza, birika likiwa hewani. "Mungu, mbwa, au wewe?"

Wakili akanyoosha kikombe chake, akiangalia pembeni.

"Alianza na mbwa," akasema. "Lakini kengele amenituma mimi."

Injinia alikuwa ameshaingia kibandani. Tukasikia magunia yanavutwa, na safari hii Plau alishika meza.